Jinsi ya kupima mwindaji anachagua windo gani

Ukimkuta simba wa Serengeti amelalia mzoga wa nyumbu leo, na kesho ukamkuta juu ya nyumbu mwingine, ni rahisi kuandika daftarini kwamba simba hupenda nyumbu. Huenda ni kweli. Lakini nyumbu wa Serengeti ni zaidi ya milioni moja, na hata mwindaji asiyechagua kabisa, anayenyakua chochote kinachopita mbele yake, angeishia kula nyumbu kwa wingi. Wingi wa windo tumboni hausemi lolote mpaka tujue wingi wake nje ya tumbo.

Kwa hiyo kupima uchaguzi ni kulinganisha namba mbili: sehemu ya windo fulani katika kinacholiwa, na sehemu ya windo hilohilo katika kilichopo. Zikilingana, hakuna uchaguzi. Zikiachana, kuna jambo la kueleza. Hesabu yenyewe mwanafunzi wa kidato cha nne anaimudu. Kinachowashinda wengi ni kupata hizo namba mbili bila kujidanganya, kisha kujua tofauti iliyoonekana imetoka kwa mwindaji au kwa windo.

Mwongozo huu unaanzia kwenye beseni, kwa sababu kwenye beseni kilichopo unakiweka mwenyewe kwa mkono wako. Ukishaielewa kazi hapo, mbuga haitakutisha sana.

## Wanyama wa jaribio

Mwindaji wetu ni tunutu wa kereng'ende, yaani mtoto wake ambaye bado anaishi majini na hajaota mabawa kamili. Ni mlafi na anapatikana karibu kila bwawa. Mawindo ni viluwiluwi wa mbu wa aina mbili: Anopheles, jamii wanaotoka mbu waenezao malaria, na Culex, wale wa mitaro michafu wanaotunyima usingizi.

Nimewachagua hawa kwa sababu unaweza kuwatofautisha kwa macho, bila hadubini. Kiluwiluwi wa Anopheles hana mrija wa kupumulia, hivyo hulala sambamba na uso wa maji, mwili mzima umegusa juu. Wa Culex ana mrija mrefu nyuma. Hupachika ncha ya mrija juu na mwili unaning'inia kichwa chini, umeinama. Zoea mikao hii miwili kwanza. Usiendelee mpaka mtu akikuchanganyia ishirini kwenye sahani nyeupe uweze kuwatenga bila kusita.

Anopheles watafute kwenye maji ya kina kifupi yanayopigwa na jua: nyayo za ng'ombe, mashimo ya kufyatulia matofali, njia za matairi, majaruba ya mpunga. Culex wako kwenye mitaro iliyoziba na mashimo ya maji taka, kwa hiyo vaa glavu. Chota kwa upawa, ukiuinamisha taratibu, na simama upande ambao kivuli chako hakiangukii maji. Kivuli kikipita wote huzama, nawe utarudi na upawa wa maji matupu ukidhani hawapo.

Waliotoka kwenye maji machafu wasuuze mara kadhaa, kisha uwaache siku nzima kwenye maji yaleyale utakayotumia kwa Anopheles. Usipofanya hivyo, tunutu huenda akawa anapambanua harufu ya mtaro na si aina ya mbu. Maji ya mvua yanafaa. Ya bomba yaache wazi usiku kucha ili klorini itoke.

Matunutu wachote kwa chujio penye majani na matope ya pembezoni mwa bwawa. Kila mmoja akae kwenye chombo chake, la sivyo asubuhi utamkuta mmoja ameshiba na wenzake hawapo. Chagua wenye urefu unaokaribiana. Ukimwona ambaye vifuko vya mabawa mgongoni vimevimba, mrudishe bwawani: anakaribia kugeuka kereng'ende, na katika hali hiyo huacha kula. Ukimtumia, utapata sifuri isiyohusu uchaguzi.

Neno la usalama, na hili silifanyii mzaha. Unafuga mbu wa malaria. Kila chombo kifunikwe kwa chandarua kilichofungwa kwa mpira, na kila asubuhi utoe pupa wote, wale wanaoonekana kama alama ya mkato, maana kwenye joto la kwetu pupa huruka akiwa mbu ndani ya siku mbili hivi. Kazi ikiisha, waliobaki wamwagie maji yanayochemka. Usiwamwage mtaroni.

## Hatua ya 1: Sawazisha kila kitu isipokuwa aina

Unataka tofauti kati ya mawindo iwe aina yake tu. Basi mambo mengine yote yawe sawa, na la kwanza ni ukubwa. Viluwiluwi wakubwa wa Culex wakiwekwa pamoja na wadogo wa Anopheles, unachopima ni ukubwa, hata kama kichwa cha ripoti kinasema vingine. Tumia wa hatua ya tatu na ya nne ya ukuaji, na uwapange kwa kuwalinganisha juu ya karatasi ya milimita.

La pili ni njaa. Mwindaji aliyeshiba huchagua kwa madaha. Mwenye njaa kali hula kilicho karibu. Matunutu wote walale njaa kwa muda uleule, saa 24 zinatosha, na muda huo uandikwe kwenye ripoti.

La tatu husahaulika: mazoea. Tunutu aliyelishwa Culex kwa wiki nzima amekwisha kufundishwa. Katika siku za kungoja jaribio, walishe chakula cha tatu ambacho hakimo kwenye swali lako, kama minyoo midogo ya matopeni.

## Hatua ya 2: Mpe aina moja ya windo kwanza

Kabla ya kumpa achague, mpe kila aina peke yake. Weka Anopheles 20 kwenye beseni moja na tunutu mmoja. Kwenye beseni jingine Culex 20 na tunutu mwingine. Hesabu waliobaki baada ya saa mbili. Rudia kwa matunutu wengine kadhaa.

Wengi huruka hatua hii kwa sababu inaonekana haina uchaguzi ndani yake. Lakini ndiyo itakayokuambia kama mwindaji anaweza kuwakamata wote wawili pale ambapo hana mbadala. Pia itakuonyesha kasi ya kula, ili upange muda wa jaribio lenyewe: lazima lisimame kabla aina yoyote haijaisha.

Kuna sababu ya kina zaidi. Mwaka 1959 C. S. Holling, mwanaikolojia wa Canada, alimfunga msaidizi wake kitambaa machoni na kumwambia apapase meza akiokota vipande vya duara vya msasa vilivyobanwa juu yake. Vipande vilipoongezwa, aliokota zaidi, lakini si bila kikomo, kwa sababu kila kimoja kilimchukua muda kukibandua na kukiweka kando. Mwindaji naye yuko hivyohivyo. Windo linalochukua muda mrefu kutafunwa linakula muda wa kutafuta jingine. Kwa hiyo hesabu pia dakika ambazo tunutu anatumia kumaliza kiluwiluwi mmoja wa kila aina. Saa ya simu inatosha.

## Hatua ya 3: Changanya mawindo

Sasa jaribio lenyewe. Beseni nyeupe, maji ya kina cha sentimita 4, Anopheles 20 na Culex 20. Waache mawindo watulie kwa dakika kumi, kisha mteremshe tunutu katikati. Baada ya muda uliopanga, mtoe yeye kwanza, ndipo uhesabu waliobaki. Ukianza kuhesabu yeye akiwa bado ndani, ataendelea kula huku ukihesabu.

Pembeni weka mabeseni yasiyo na tunutu, yenye mawindo yaleyale. Haya ni ya ulinganisho. Wakifa viluwiluwi humo, ujue maji au joto lina tatizo, na kwamba baadhi ya wale uliodhani wameliwa walijifia. Vifo vikizidi mmoja hapa na mmoja pale, simamisha kazi urekebishe maji.

Nani aingie beseni lipi, amua kwa kura: andika namba kwenye vikaratasi, changanya, chomoa. Usiseme "nitachanganya kichwani". Kichwa cha binadamu hakichanganyi. Kitawapeleka matunutu wachangamfu kwenye mabeseni yaliyo karibu na dirisha.

Je, matunutu wangapi? Hapa ndipo ripoti nyingi huanguka. Tunutu mmoja akila viluwiluwi 17, huna data 17. Una data moja, kwa kuwa zote zimetoka kwenye tumbo moja lenye tabia zake. Kipimo chako ni mwindaji, si windo. Kumi na sita ni mwanzo mzuri, na sababu ya namba hiyo utaiona kwenye hesabu.

## Hatua ya 4: Kokotoa

Tuchukue tunutu mmoja wa mfano. Alipewa Culex 20 na Anopheles 20. Amekula Culex 12 na Anopheles 5.

Njia ya haraka: Culex ni 12 kati ya 17, yaani 0.71. Kwa kuwa walikuwa nusu kwa nusu, asiyechagua angepata 0.50. Njia hii ina kasoro moja. Kadiri alivyokula Culex, Culex walipungua beseni, kwa hiyo dakika za mwisho hakuwa tena mbele ya nusu kwa nusu. Bado aliwapata, jambo linaloonyesha kwamba mvuto wao ni mkubwa kuliko 0.71 inavyosema.

Fahirisi, yaani namba moja ya kupimia uchaguzi, inayosahihisha hilo huitwa alfa ya Manly. Kwa kila aina chukua waliobaki, gawanya kwa walioanza, tafuta logi asilia (kitufe cha ln kwenye kikokotoo). Kisha gawanya logi ya aina moja kwa jumla ya logi zote.

Culex: 8 ÷ 20 = 0.40, na ln yake ni −0.916.
Anopheles: 15 ÷ 20 = 0.75, na ln yake ni −0.288.
Jumla ni −1.204.
Alfa ya Culex: −0.916 ÷ −1.204 = 0.76. Ya Anopheles ni iliyobaki, 0.24.

Kwa aina mbili, 0.50 ni mstari wa kutochagua. Kwa aina tatu ni 0.33, kwa nne 0.25, na kuendelea. Sasa utaona kwa nini nilisisitiza jaribio lisimame mapema: Culex wote 20 wakiliwa, utatakiwa kutafuta ln ya sifuri, na kikokotoo kitakugomea. Kama una uwezo wa kurudishia kila windo linaloliwa papo hapo, ile njia ya haraka inatosha na huhitaji logi. Ila utakaa umeinamia beseni saa mbili ukiwa na dropa mkononi.

Fanya hesabu hiyo kwa kila tunutu peke yake. Usiwajumlishe wote kwenye kapu moja, maana tunutu mmoja mlafi atazungumza kwa niaba ya wenzake.

Kisha uliza: je, matokeo haya yangeweza kuja kwa bahati tu? Jaribio rahisi kuliko yote ni la ishara. Hesabu matunutu wangapi wana alfa ya Culex iliyozidi 0.50. Kama kweli hawachagui, ni sawa na kurusha sarafu mara 16. Kupata 13 au zaidi upande mmoja, uwe wowote, kuna uwezekano wa takriban 0.02, hivyo una haki ya kusema kuna uchaguzi. Kupata 12 ni takriban 0.08, na hapo unyamaze au uongeze matunutu. Mwenye programu ya takwimu anaweza kutumia jaribio la Wilcoxon, ambalo halitazami upande tu bali na ukubwa wa tofauti. Muhimu ni kuamua jaribio utakalotumia kabla ya kuona namba.

## Hatua ya 5: Ni mwindaji anachagua, au windo linajileta?

Hapa ndipo penye utamu wa kazi nzima, na ndipo watu wengi hawafiki.

Una alfa ya 0.76. Unataka kuandika kwamba tunutu hupendelea Culex. Lakini tazama beseni. Tunutu hukaa chini, ametulia, akingoja. Anopheles wako juu, wamelala kwenye uso wa maji. Culex huning'inia, hushuka, hupanda, hupita mbele ya uso wake. Inawezekana hakuchagua lolote. Mmoja tu ndiye aliyekuwa akimpitia mlangoni.

Njia ya kupambanua ni kuacha kuhesabu maiti na kuanza kutazama. Kaa mbele ya beseni la kioo dakika thelathini, na ugawe kila tukio katika ngazi: windo limepita karibu, limeshambuliwa, limekamatwa, limeliwa. "Karibu" upe kipimo, kwa mfano sentimita 2 mbele ya kichwa. Utamwona tunutu akigeuza kichwa kufuata windo, akinyata hatua moja au mbili, halafu mdomo wa chini uliokunjwa chini ya uso unafyatuka mbele na kurudi na kiluwiluwi kabla hujapepesa macho. Akikosa, usifute. Kukosa nako ni data.

Tuseme daftari lako linasema hivi. Culex walipita mara 30, wakashambuliwa mara 21, wakakamatwa 12. Anopheles walipita mara 11, wakashambuliwa mara 8, wakakamatwa 5. Gawanya: kati ya waliopita, Culex walishambuliwa kwa 0.70 na Anopheles kwa 0.73. Kati ya walioshambuliwa, Culex walikamatwa kwa 0.57 na Anopheles kwa 0.63. Ni walewale 12 na 5, alfa ileile ya 0.76, lakini mwindaji mwenyewe hakubagua. Tofauti yote imetokana na nani anapita mara nyingi.

Uchaguzi wa mwindaji unaonekana kwenye ngazi moja tu: ya kupita hadi kushambuliwa. Hapo ndipo ameliona windo na kuamua. Ngazi ya kupita ni ya makazi na mwendo. Ngazi ya kukamatwa ni ya uhodari wa kukwepa. Alfa inazijumlisha zote tatu. Si kwamba alfa ni mbaya. Kama swali lako ni "bwawa lenye kereng'ende litapoteza mbu gani zaidi", alfa ndiyo jibu, na swali la "kwa nini" halikuhusu sana. Kama swali ni "tunutu anataka nini", alfa peke yake itakupoteza.

Uthibitisho mwepesi: rudia jaribio kwa maji ya sentimita 2 na ya sentimita 10. Upendeleo wa kweli haujali kina cha maji. Alfa ikishuka na kupanda pamoja na kina, unapima kukutana.

## Chambo zisizokwenda

Waliolimaliza tatizo hili kwa ustadi mkubwa walifanya kazi Mbita, ufukweni mwa Ziwa Victoria upande wa Kenya. Huko kuna buibui mdogo mrukaji aitwaye Evarcha culicivora. Mwaka 2005 Robert Jackson, Ximena Nelson na Godfrey Sune walichapisha ushahidi kwamba buibui huyu huchagua mbu jike aliyekwisha kunyonya damu, na hivyo hupata damu yetu kupitia tumbo la mbu. Hilo ni dai zito, hasa mahali ambapo wadudu wa ziwani wasiouma huinuka juu ya maji kama moshi na mbu ni wachache ukiwalinganisha nao.

Pamoja na majaribio ya mawindo hai, walitumia wadudu waliokufa, wakawabandika juu ya vipande vya koki katika mkao wa mdudu hai. Chambo isiyokwenda haikwepi, haikimbii, haijipeleki. Buibui akimwelekea mbu mwenye damu na kumwacha mdudu wa ziwani, au mbu dume, au mbu jike aliyekunywa sukari tu, huwezi kusingizia mwendo. Kisha wakaondoa na macho: buibui akapewa harufu peke yake, naye akaifuata harufu ya mbu mwenye damu.

Iga mantiki hiyo, lakini usiige kifaa bila kufikiri. Buibui mrukaji huona vizuri hata kitu kilichotulia. Tunutu huamshwa na mwendo, kwa hiyo kiluwiluwi mfu aliyelala chini hatamshtua. Mfunge kwa unywele kwenye kijiti, wa Culex na wa Anopheles, na uwapitishe mbele yake kwa kasi moja na umbali mmoja. Anayeshika kijiti awe mwenzako ambaye hajui unategemea nini, kwa maana mkono wa anayejua huchezacheza zaidi upande anaoupenda.

## Hatua ya 6: Badilisha uwiano

Kwa nusu kwa nusu umepata picha moja tu. Rudia kwa Culex 30 na Anopheles 10, kisha kinyume chake. Alfa ikibaki palepale, upendeleo ni thabiti. Ikihama kufuata aliye wengi, mwindaji wako hubadili chakula: humng'ang'ania aliyejaa na kumsahau aliye adimu. William Murdoch alilionyesha jambo hili mwaka 1969 kwa konokono wala nyama wa baharini. Upendeleo ulipokuwa mkali, kubadili hakukutokea kwa urahisi. Ulipokuwa hafifu, mazoea ya chakula kilichojaa yaliweza kuwavuta.

Kwa anayetaka kutumia wadudu kupunguza malaria, hili si la vitabuni tu. Mwindaji anayebadili atakula Anopheles wakiwa wengi na kuwaacha wakiwa wachache, yaani atachoka pale ambapo kazi ndiyo inakaribia kuisha.

## Ukihamia mbugani

Mantiki ni ileile, ila sasa kilichopo hukukiweka wewe. Itabidi ukihesabu, na kibali kitangulie: Tanzania ni COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori), Kenya anzia NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi.

Kilichopo hesabu msimu uleule na eneo lilelile unalokusanya kinacholiwa. Nyumbu huzaa kwenye nyanda za kusini kati ya Januari na Machi, na miezi michache baadaye wako kaskazini kuelekea Mara. Sensa ya Februari ukiilinganisha na mizoga ya Agosti umelinganisha mbuga mbili. Njia ya kawaida ni kuendesha gari kwenye mistari iliyopangwa na kuhesabu wanyama pamoja na umbali wao kutoka njiani, maana swala aliyejificha kwenye majani haonekani sawa na twiga.

Kinacholiwa kina mtego wake. Ukitafuta mizoga, utaona ya nyati na pundamilia, kwa sababu hukaa siku nzima na tai huitangaza. Mtoto wa swala huliwa akaisha kabla hujawasha gari. Kufuata kundi moja mchana na usiku ni bora zaidi, na ni ghali zaidi.

Kinyesi kinapatikana kirahisi: osha, kausha, toa nywele, na uzitambue kwa alama za magamba chini ya hadubini, ukizilinganisha na nywele za wanyama unaowajua. Lakini usihesabu vinyesi kana kwamba kila kimoja ni mnyama mmoja. Mnyama mdogo ana ngozi na nywele nyingi kulinganisha na nyama yake, hivyo kila kilo yake hutoa vinyesi vingi zaidi. Kwa puma wa Marekani, Ackerman na wenzake walitoa mwaka 1984 kanuni hii: kilo zilizoliwa kwa kinyesi kimoja ni 1.98 + 0.035 × uzito wa windo. Windo la kilo 5 hutoa takriban vinyesi 2 kwa mnyama mzima. La kilo 50 hutoa takriban 13. Kinyesi kimoja chenye nywele za windo la kilo 5 kinawakilisha karibu nusu ya mnyama, na cha windo la kilo 50 chini ya sehemu moja ya kumi. Kwa simba au chui tafuta kanuni iliyopimwa kwa mnyama huyo au wa jamii yake; ya puma usiiazime kimyakimya.

Mbugani mawindo hayapungui kwa kasi ya beseni, hivyo tumia fahirisi ya Jacobs ya mwaka 1974. Sehemu ya windo katika mlo iite r, na katika mazingira p. Fahirisi ni (r − p) ÷ (r + p − 2rp), na hutembea kutoka −1, yaani anamkwepa kabisa, hadi +1. Mfano: pundamilia ni 0.20 ya wanyama uliohesabu na 0.35 ya mizoga. Juu ni 0.15, chini ni 0.55 − 0.14 = 0.41, jibu ni +0.37. Swala tomi ni 0.50 ya wanyama na 0.15 ya mizoga: −0.35 ÷ 0.50 = −0.70. Fahirisi ya zamani ya Ivlev haina ile 2rp, na ndiyo maana huyumba windo likiwa adimu au likiwa limejaa.

Kwa kipimo hiki cha Jacobs, Matt Hayward na Graham Kerley walikusanya tafiti za simba kutoka sehemu nyingi za Afrika na mwaka 2005 wakaonyesha kwamba simba huelekea zaidi wanyama wa kilo 190 hadi 550. Nyumbu, pundamilia na nyati wamo kati ya wanaopendelewa. Swala pala, ambaye karibu kila mgeni wa mbuga hudhani ndiye chakula cha simba, hayumo.

Windo ambalo umepata mizoga yake miwili mitatu tu usilipe fahirisi. Mzoga mmoja zaidi ungeihamisha namba kutoka hasi hadi chanya. Liunganishe na mengine ya ukubwa wake, au lionyeshe kwenye jedwali kwa idadi na uliache hapo. Kwa yaliyobaki weka r na p kila moja kwenye safu yake kando ya fahirisi, pamoja na tarehe za sensa, ili atakayekuja na kanuni nyingine aweze kukokotoa upya.